Kama Yaya Alijua

Jumamosi ile Mwalimu alipogawa nafasi za mchezo, mfamasia wa kundi alipewa kuigiza Yaya, naye akaipokea nafasi hiyo shingo upande. Udogo wa nafasi haukumsumbua. Aliyemsumbua ni huyo Yaya mwenyewe.

Walikuwa watu wazima kumi na wawili waliokutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Kulikuwa na karani wa posta, fundi saa, mwenye duka la viatu, na wastaafu kadhaa waliochoka kukaa majumbani. Mwalimu alifundisha fasihi miaka thelathini na minne, na alipostaafu alianzisha kundi hili kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mkewe alikuwa ameshachoka kusahihishwa. Mfamasia walimpachika jina la Kidonge tangu siku ya kwanza. Alilalamika kidogo, kisha akalizoea.

Mchezo waliouchagua ulikuwa tanzia ya kale, ya mashairi mwanzo mpaka mwisho. Malkia mjane anatawala mpaka mwanawe akue. Shemeji yake anautamani ufalme. Kila jioni Yaya, aliyemlea malkia tangu utotoni, humletea kikombe cha dawa. Katika sehemu ya mwisho kikombe kina sumu. Yaya anakileta kwa mikono miwili na kusema mstari mmoja tu: "Kunywa, bibi, mkono huu haujawahi kukukosea." Malkia anakunywa, anaanguka, na Yaya hasemi tena neno mpaka pazia linashuka.

"Sasa," Mwalimu akasema, akivua miwani, "hapa watu wamegombana miaka nenda miaka rudi. Je, Yaya alijua?"

"Alijua," Kidonge akajibu papo hapo.

Wenzake wakamgeukia. Mwalimu akamtazama kwa udadisi.

"Umeusoma lini mchezo?"

"Jana."

"Jana umesoma, leo umeshafunga kesi. Wewe tumekuchelewesha, ungekuwa hakimu zamani."

Watu wakacheka. Kidonge hakucheka. "Mwalimu, mtu anayeshika kikombe kilekile kila siku anakijua. Anaijua rangi ya dawa, anaijua harufu. Asituambie eti hakujua."

"Hajatuambia kitu, maskini. Ndiyo shida yenyewe." Mwalimu akavaa miwani yake. "Haya, kila mmoja anunue daftari. Andikeni juu ya mtu wenu: anataka nini, anaogopa nini, anaficha nini. Atakayeyajibu hayo matatu bila kutumia neno 'mbaya' wala 'mwema', nitamnunulia soda."

Kidonge alirudi nyumbani na dukuduku. Alijua vizuri kwa nini alijibu haraka vile, na kwamba halikuwa jambo la mchezo.

Mama yao alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Walikuwa wawili tu kwa mama: Kidonge, na dada yake, fundi wa kushona nguo, aliyemzidi miaka tisa. Dada hakuolewa. Aliishi na mama, akamtunza, akamwogesha, akampa dawa. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, na miongoni mwa dawa zake kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe ambavyo daktari aliamuru apewe nusu, mara moja kwa siku. Kidonge ndiye aliyezileta dawa hizo kila mwezi kutoka kazini kwake hospitalini. Kuzitoa kwenye pakiti, kukata kile kidonge kwa wembe na kumnywesha mgonjwa ilikuwa kazi ya dada.

Asubuhi moja mama alianguka akitoka bafuni, na jioni ya siku hiyohiyo akakata roho hospitalini. Daktari alisema ni moyo. Hakuna aliyeshangaa, alikuwa mzee na moyo wake ulichoka siku nyingi. Wakazika, wakalia, wakarudi kazini.

Wiki sita baadaye Kidonge alikutana sokoni na Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja na mama. Wakasalimiana, wakapeana pole. Mama Pacha akatikisa kichwa. "Maskini mama yenu, zile siku za mwisho kila kitu alikiona cha njano. Ukuta wa njano, mto wa njano. Mimi mwenyewe akaniambia uso wangu umekuwa kama papai bivu. Nikacheka, Mungu anisamehe. Na chakula alikuwa hakigusi, kila akila anatapika."

Kidonge alisimama pale na kikapu chake. Jambo hilo walifundishwa chuoni, mwaka wa pili: mgonjwa akizidishiwa dawa ile ya moyo, hutapika, na huona vitu vyote vya njano.

Kwa hiyo mama alizidishiwa. Na aliyempa dawa alikuwa mtu mmoja tu.

Tangu siku hiyo akaanza kuunganisha mambo. Siku moja tu baada ya mazishi alipokwenda kuchukua masalia ya dawa ayarudishe hospitali, alikuta kasha tupu. "Nimeshatupa," dada alimwambia, bila kumtazama. Wosia ulipofunguliwa, nyumba ilikuwa ya dada. Wakati ule Kidonge aliona ni haki, kwani aliyemtunza mama ni nani? Baada ya maneno ya Mama Pacha, aliliona jambo hilo kwa jicho jingine. Tena dada alibadilika. Aliacha kuja kuwaona watoto. Wakikutana kwenye shughuli za ukoo, dada alikaa upande mwingine wa chumba, na macho yao yakigongana, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangalia chini.

Mtu asiye na kosa anakwepa nini?

Miaka mitatu Kidonge hakumwuliza. Aliogopa kusikia jibu. Alimwambia mumewe peke yake, na mumewe, mpima ardhi, mtu aliyezoea kuamini mipaka na mawe yake, alimuuliza swali moja: "Aliyefaidika ni nani?" Hakulirudia tena swali hilo, lakini lilibaki nyumbani mwao kama mgeni asiyeaga.

Sasa Kidonge alikaa mezani na daftari jipya, akaandika: *Yaya anataka nini?* Chini yake, bila kufikiri, akaandika: *Amechoka. Amelea maisha yake yote na hana chake. Anataka kitu kimoja kiwe chake.* Akayasoma. Akaona yamekaa sawasawa.

Jumamosi iliyofuata, alipofungua mlango wa ukumbi, alimkuta dada yake amesimama katikati, tepu shingoni, akimpima karani wa posta kiuno.

"Nadhani mnajuana," Mwalimu akasema kwa furaha, hana habari ya yaliyokuwa kati yao. "Huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Amekubali kutushonea mavazi yote."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Yakaishia hapo. Dada aliendelea na kazi yake, akinakili vipimo kwenye kipande cha karatasi. Zamu ya Kidonge ilipofika, alimpima mabega, mikono na urefu kama anavyompima mteja aliyeingia kutoka barabarani. Mikono yake ilikuwa baridi.

Siku hiyo walifanya mazoezi ya sehemu ya mwisho. Karani wa posta, ambaye ndiye malkia, aliketi kwenye kiti. Kidonge alileta kikombe cha bati kwa mikono miwili, akasimama mbele yake, akasema, "Kunywa, bibi, mkono huu haujawahi kukukosea."

Kitu kikaanguka sakafuni. Pini zilitawanyika mpaka chini ya viti. Dada, aliyekuwa pembeni akikunja vitambaa, aliziangalia pini zile kana kwamba si zake, kisha akachukua mkoba na kutoka nje. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Amepatwa na nini?" malkia akauliza.

"Joto," fundi saa akasema, ingawa hapakuwa na joto.

Kidonge aliinama kuokota pini. *Sasa nimekupata,* alijiambia.

Wiki hiyo hakuweza kutulia. Kazini alisoma vyeti vya dawa vya wagonjwa mara mbilimbili, na akili yake ilikuwa kwa dada. Siku ya Jumatano aliomba ruhusa, akaenda kwa Mama Pacha. Alijifanya anapita tu. Akaletewa chai, akaulizwa habari za watoto, akazungukazunguka mpaka akafika alikokusudia.

"Hivi, Mama Pacha, ile siku baada ya mazishi, ulimwona dada akitupa vitu vya mama?"

Mama Pacha alikuwa mtu ambaye hakuna kilichompita kwenye uwanja ule. "Nilimwona, kwa nini nisimwone? Alitoka asubuhi mapema na kasha la dawa. Akakaa pale kwenye ngazi ya nyuma. Akatoa pakiti moja baada ya nyingine, anasoma, anaweka. Anasoma, anaweka. Kisha kuna moja aliisoma muda mrefu sana. Mwanangu, alikaa pale mpaka nikadhani amepata kizunguzungu. Nikataka kumwita, akainuka. Zile nyingine akazimwaga chooni."

"Na ile moja?"

"Aliitia kifuani, ndani ya nguo." Mama Pacha akamkazia macho. "Mbona unauliza leo?"

"Basi tu, nimemkumbuka mama."

"Mh," Mama Pacha akasema, na hiyo *mh* yake ilikuwa na mengi ndani.

Kidonge alirudi nyumbani akiwa na uhakika kuliko wakati wowote. Mtu haweki kifuani kitu kisichokuwa na maana. Usiku ule alipomweleza mumewe, mume alisema, "Unataka kufanya nini? Umpeleke polisi dada yako?"

"Sijui. Nataka ajue kwamba najua."

"Na ikiwa unachokijua sicho?"

"Wewe si ndiye uliyeniuliza aliyefaidika ni nani?"

Mume akajikuna shingo. "Niliuliza. Sikusema nina jibu."

Jumamosi Mwalimu alikusanya madaftari. Watu walipokuwa wakipumzika na vikombe vyao vya chai, alimwita Kidonge pembeni, karibu na dirisha. Daftari la Kidonge lilikuwa wazi mkononi mwake.

"Umeandika vizuri mno," akasema. "Una jicho. Lakini kuna mahali nimekwama, nisaidie. Hapa unasema, 'Anaficha macho yake kwenye cherehani ili asiniangalie.' Yaya wetu ana cherehani?"

Kidonge akageukia dirisha.

Mwalimu alilifunga daftari taratibu. "Sitakuuliza ni nani. Miaka yote niliyofundisha, nimeona watu wakisoma tanzia na kuandika juu ya mama zao wa kambo. Si kosa. Ila nikwambie ulipoteleza. Wewe umeanza na hukumu, ndiyo ukaenda kutafuta sababu. Ukianza hivyo, kila kitu kitakubaliana nawe. Akilia, analia kwa hatia. Asipolia, ana moyo mgumu. Akikuangalia anakuchunguza, asipokuangalia anakukwepa. Mtu huyo atafanya nini ili apone mikononi mwako?"

"Na kama kweli alifanya?"

"Inawezekana. Basi chukua vitendo vyake vilevile, usipunguze hata kimoja, uvitafutie sababu nyingine. Moja tu. Ukishindwa kabisa, njoo, nitakuamini."

Alijaribu. Jumapili nzima alikaa na kalamu. *Alitupa dawa. Alificha pakiti moja. Hanitazami usoni. Alidondosha pini.* Mbele ya kila kitendo aliacha nafasi. Nafasi zile zilibaki nyeupe mpaka watoto wakaja kudai chakula. Kilichomtia wasiwasi ni kwamba hata ile sababu aliyoishikilia miaka mitatu, ya nyumba, haikulingana na ile pakiti iliyotunzwa. Mtu aliyeua kwa ajili ya nyumba angemwaga zote chooni. Kwa nini atunze moja?

Jumatatu alasiri dada alimtumia ujumbe: *Gauni la Yaya tayari kujaribiwa. Njoo.* Hakuweka salamu.

Chumba cha kushonea ndicho kilichokuwa chumba cha mama. Kitanda kilikuwa kimeondolewa na cherehani kuwekwa chini ya dirisha. Mavazi ya mchezo yalining'inia ukutani: joho la shemeji mtu, gauni refu la malkia lisilo na mikono bado. Kidonge alivaa gauni la Yaya, zito, la rangi ya majivu, akasimama juu ya kigoda. Dada alipiga magoti na kuanza kupinda upindo, pini mdomoni.

"Mbona ulitoka siku ile?" Kidonge akauliza.

Dada alionyesha pini zilizo mdomoni, kuwa hawezi kujibu.

"Zitoe, basi."

Dada alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kile kimto chake. "Nilikuwa na kazi nyumbani."

"Dada, Mama Pacha ameniambia kila kitu."

"Mama Pacha amekuambia nini?"

"Mama alikuwa anaona njano. Unajua maana yake? Mimi najua, ndiyo kazi yangu. Mama alizidishiwa dawa." Akamwinamia. "Ulikuwa unampa ngapi?"

Dada alibaki amepiga magoti. "Mdogo wangu, acha. Yamepita. Mama amepumzika."

"Ngapi, dada?"

"Nilimpa kama ilivyoandikwa."

"Iliandikwa nusu!"

"Nakwambia acha."

"Iliandikwa nusu, mara moja! Na ile pakiti uliyoitia kifuani iko wapi? Miaka mitatu unanikimbia, miaka mitatu huwezi kuniangalia machoni, halafu unaniambia niache?"

Dada aliinuka kwa shida, mkono kwenye goti. Alimtazama Kidonge kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu mama afe, na Kidonge akaona kwamba dada yake amezeeka. Kisha akaenda kwenye cherehani, akavuta mtoto wa meza, akaondoa vigurudumu vya uzi na mikasi. Akatoa kibahasha cha karatasi kilichokunjikakunjika. Hakukitoa kwa hasira. Alikishika kwanza, kama anayefikiria kukirudisha.

"Sikutaka ukione kamwe," akasema, akampa.

Kilikuwa kibahasha cha hospitali, cha kutilia vidonge. Jina la mama juu, jina la dawa, tarehe: siku kumi na moja kabla ya kifo. Na chini yake, kwa wino wa bluu: *Kimoja, mara mbili kwa siku.*

Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, Kidonge.

Alisoma tena. Akasoma mara ya tatu, kama asomavyo vyeti vya wagonjwa. Kwenye kona ya chini, mahali ambapo mfamasia wa pili hutia saini baada ya kuhakiki, palikuwa patupu. Akaikumbuka siku ile, na ilirudi nzima nzima. Foleni ilifika mpaka mlangoni. Cheti cha mama kilikuwa mfukoni mwa koti lake tangu asubuhi. Alijaza vibahasha vitano sita mfululizo, wagonjwa wa moyo wote, akaingiza na cha mama katikati kwa maandishi yaleyale, kisha akakitia mkobani bila kumpa mwenzake akikague. Kwa ajili ya mama aliruka foleni. Aliona anamsaidia.

"Nusu," akasema. "Ilikuwa nusu."

"Najua. Sikujua wakati ule." Dada alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Niliona kimebadilika. Nilisema, basi, daktari ameongeza. Kwani aliyeandika ni nani? Si wewe? Ningekuuliza wewe kama unaijua kazi yako? Mama alipokataa, aliposema inamchafua tumbo, mimi ndiye niliyembembeleza. Nikamwambia, kunywa mama, ameandika mwanao, huyo hawezi kukosea." Akapangusa uso kwa kiganja. "Halafu wewe unakuja pale ukumbini na kikombe chako, unasema maneno hayohayo. Ulidhani nitakaa?"

Kidonge alikuwa bado amesimama juu ya kigoda. Hakujua namna ya kushuka.

"Aliposema anaona njano, nilidhani ni mapazia," dada akaendelea. "Yalikuwa ya zamani. Nikanunua kitambaa cheupe, nikashona mapya siku hiyohiyo. Kule hospitali nesi akaniuliza, alikuwa anapewa kiasi gani? Nikamwambia. Akanitazama vibaya. Hakusema kitu, lakini nikaelewa. Baada ya mazishi nikalifungua kasha nione nimekosea wapi. Nilitaka iwe mimi niliyesoma vibaya. Nilisoma mpaka macho yakauma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa na mtoto wa miezi minne. Ulikuwa umekaa jikoni mle unagonga kichwa ukutani kwa kulia. Nikasema, nimeshampoteza mama, nisije nikampoteza na huyu. Kazi yako ingekwenda. Na wewe mwenyewe ungekwenda, nakujua. Nikakaa nalo." Akavuta pumzi. "Lakini sikuweza kukuangalia. Hilo lilinishinda. Nikikuangalia, naiona karatasi. Nilikukasirikia, mdogo wangu. Nilikukasirikia sana, na sina wa kumwambia."

Kidonge akashuka, akaketi kwenye kigoda kilekile, gauni la majivu likimzunguka sakafuni. Alijua sasa angeweza kunyamaza, akamlilia dada yake na mambo yakaishia hapo. Akashindwa.

"Dada, mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi nini?"

"Nilidhani ulimzidishia. Kwa kusudi. Miaka mitatu yote."

Dada hakuelewa mara moja. Kidonge aliona maana ikimwingia kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa.

"Kwa nini nimuue mama?"

Kidonge akainua macho, akaangalia dari.

"Kwa ajili ya nyumba?" Dada akatazama dari, akatazama ukuta wenye doa la unyevu, akacheka kicheko kimoja kikavu. "Hii?"

"Nisamehe."

"Mimi nakuficha wewe, na wewe unanichimba mimi." Alisema polepole, kama anayejifunza maneno yenyewe. Kisha akainuka. "Vua gauni, nimalizie upindo. Halafu nenda nyumbani. Leo sina nguvu ya kukusamehe, nisije nikakudanganya."

Kidonge alivua, akavaa nguo zake, akatoka. Hakuulizwa kuhusu kile kibahasha, naye akaondoka nacho.

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya kuvaa koti lake la kazi, aliingia ofisini kwa mfamasia mkuu, mwanamke mwenye maneno machache, akakiweka juu ya meza. Akaeleza yote bila kujitetea. Mfamasia mkuu alikigeuza kibahasha, akaiangalia kona tupu, akafunga mlango.

Uchunguzi ulichukua wiki tatu. Kidonge aliondolewa kwenye dirisha la kutolea dawa, akapelekwa stoo kupanga makasha. Daktari aliyemtibu mama aliitwa. Alisema dawa ile ilizidi mara nne, kwa siku kumi na moja, na moyo wenyewe ulikuwa umeshaharibika. Huenda dawa ilimmaliza, huenda angekufa wiki ileile. "Hakuna atakayekuambia kwa hakika," alisema, "nami sitakuambia ili upate usingizi." Kidonge alipewa onyo la maandishi na miezi sita ya kufanya kazi chini ya uangalizi. Ikatoka amri kwamba dawa ya ndugu wa mtumishi yeyote lazima itolewe na mtumishi mwingine. Amri hiyo ilibandikwa ukutani bila kutaja jina, lakini kila mtu alijua. Alipopita, mazungumzo yalikatika. Sasa yeye ndiye aliyetupiwa macho ya pembeni, na alijua vizuri sana watu wanavyoyaunganisha mambo.

Mumewe, siku alipomweleza, aliinama. "Lile swali langu," akasema mwishowe, "lilikuwa swali la kipumbavu." Akaenda kuwaogesha watoto.

Mazoezini hakukosa. Gauni la Yaya lililetwa na karani wa posta, limekunjwa vizuri, upindo umenyooka. Dada alituma mavazi yote kwa mtu. Ukumbini hakukanyaga tena. Kidonge alimweleza Mwalimu kwa ufupi, naye hakutoa somo lolote. Alimshika bega tu, kisha akauliza, "Yaya je?"

"Hakujua," Kidonge akasema. "Ila hilo si la kumponya. Malkia akishaanguka, ndipo anaanza kujua. Nataka nafasi ya kusimama pale kabla pazia halijashuka. Msilishushe haraka."

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Malkia alipoanguka, Kidonge hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliokota kikombe, akakinusa. Akaitazama mikono yake, upande mmoja, upande wa pili, kama vitu alivyoazimwa. Fundi saa, aliyekuwa akilishika pazia, baadaye alisema alisahau kulivuta kwa sababu alikuwa ameacha kupumua. Kidonge alitafuta uso wa dada yake katikati ya watu, hakuuona. Mama Pacha alikuwepo, mstari wa mbele, analia kwa sauti na kumweleza jirani yake kila kinachotokea.

Zikapita wiki tano bila neno. Kidonge alikuwa ameshaanza kukubali kwamba kuna kauli ambazo ukishazitoa hazikuachii mlango wa kurudia. Alipiga simu mara mbili, haikupokelewa. Hakutaka kulazimisha.

Jumapili moja, asubuhi, simu ikalia yenyewe.

"Mumeo yupo?" dada akauliza, bila salamu.

"Yupo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie aje na ngazi. Upepo wa jana umeng'oa bati la jikoni, mvua ikija nitaogelea."

"Nitamwambia. Anakuja sasa hivi."

Kidonge alisikia cherehani ikizunguka mara moja, ikasimama.

"Waje na watoto," dada akasema. "Na wewe uje. Kuna mtu lazima aishike hiyo ngazi."

Wakaenda wote. Mume akapanda, akaanza kugongelea misumari, akilalamika kwamba nyumba hii ilijengwa na mtu asiyejua pembe mraba. Kidonge alishika ngazi kwa mikono miwili. Dada alitoka na kiti, akakiweka karibu, akaketi na kuanza kufumua upindo wa suruali ya mteja. Hawakutazamana sana. Watoto walikuwa wamegundua kopo la vifungo na kelele zao zilijaa sebuleni.

"Nasikia Mwalimu anatafuta mchezo mwingine," dada akasema, akikata uzi kwa meno.

"Amepata. Wa kuchekesha. Mimi ni mke wa mwokaji mikate."

"Afadhali," dada akasema. "Mwambie nitakuja kuchukua vipimo Jumamosi."